Chumvi Kwenye Magurudumu

Harufu ya chuma kilicholowa hunirudisha kwenye treni iliyotutoa pwani kurudi Dodoma. Baba alikuwa ametumwa kuchukua baiskeli mpya ya Mdachi, bwana wa Kijerumani aliyemtumikia. Akanipakia hadi ufukweni nione bahari, kisha akailaza mchangani tuchimbe maji ya kunywa, kama tuchimbavyo kwetu kwenye mto mkavu. Bahari ikajaa, ikaifunika.

Njia nzima aliifuta kwa shuka lake.

“Usiseme neno, mwanangu. Akijua, ni viboko.”

Tuliposhuka stesheni, baiskeli ilikuwa ikimetameta. Tulipoingia uani kwa Mdachi, ng'ombe wake wakanusa chumvi, wakaja mbio, wakaanza kulamba magurudumu.

Mlango ukafunguliwa. Baba akauachia mkono wangu.