Unga wa Upande wa Kushoto

Kwenye kiwanda cha mikate wanamwita Vidole. Si kwamba ana vidole virefu; vyake ni vifupi na vinene, na kwenye kona za kucha hakukosekani unga. Wanamwita hivyo kwa sababu havitulii. Akisubiri tanuri lipate moto, vinagonga ukingo wa meza. Akisubiri mizani itulie, vinagonga kopo la chumvi. Siku moja msimamizi wa zamu alimuuliza, "Dada, hiyo meza imekukosea nini?"

"Haijanikosea," akasema. "Naifundisha."

Alichokuwa akiifundisha ni mapigo ya nyimbo za Guru. Familia alikoolewa ni ya Wahindu wanaomfuata mwalimu wa kiroho aliyefariki zamani, kabla babu zao hawajaota ndevu. Wanasimulia kwamba Guru huyo akiombwa mahubiri, aliomba kwanza aletewe ngoma. Hakuacha maandishi mengi. Aliacha bhajani, nyimbo za ibada za kupokezana: mmoja anatangulia, wengine wanaitikia, na aliyejaliwa miguu anainuka kucheza mbele ya picha ya Guru. Wafuasi wake wanakutana kila Jumapili asubuhi katika ukumbi ulio juu ya duka la vioo. Mara moja kwa mwaka, siku aliyozaliwa, wanauimba ule wimbo mrefu. Huo ukishaanza haukatizwi, hata paa livuje, mpaka urudi wenyewe kwenye mstari wake wa kwanza.

Ngoma yao ina pande mbili na hulazwa mapajani. Upande wa kulia ni mdogo, una sauti kali ya kuita. Upande wa kushoto ni mpana, na ukiachwa peke yake hulia kama sufuria tupu. Lazima usaidiwe. Unakandwa unga wa ngano kwa maji matupu, unabandikwa katikati ya ngozi, duara la ukubwa wa kiganja, na hapo ngoma inapata kifua. Wimbo ukiisha, unga unabanduliwa na kuwekwa ukutani nje, ndege wale. Jumapili inayofuata unakandwa mwingine.

Vidole alifundishwa na baba mkwe wake. Mzee yule alikuwa na watoto wawili: wa kiume, fundi bomba, ambaye hata kupiga makofi wenzake wanamwacha nyuma, na wa kike, ambaye hakuna aliyewahi kumkalisha chini wimbo ukilia. Juma la kwanza la ndoa, mzee alipita jikoni akamkuta bi harusi anakanda, kiganja cha kushoto kinasukuma, vidole vya kulia vinakusanya. Akasimama mlangoni mpaka unga ukalainika. Kisha akamwita mwanawe. "Umeniletea mpiga ngoma," akamwambia, "na wala hukujua."

Alimfundisha miaka kumi na mmoja, wamekaa kwenye sakafu ya jiko hilohilo. Alipofariki, ngoma ilibaki kwa mkwe.

Wifi yake aliumia, na wala hakuficha. Ni mwanamke wa miaka hamsini, mpiga chapa wa ofisi ya mawakili, na ndiye anayeongoza duara la wachezaji, njuga zimejaa miguu yote miwili. "Mimi damu yake nimepewa kengele kama mbuzi," husema, "wewe wa kuja ukapewa ngoma." Watu hucheka, na Vidole hucheka nao. Lakini mzaha ukirudiwa miaka sita mfululizo, mtu anajua ndani yake kuna jiwe.

Mwaka jana mambo yaliharibika. Feni la ukumbini liliukausha unga, ukapasuka, na katikati ya wimbo mrefu upande wa kushoto ukarudia usufuria wake. Wachezaji wakagongana. Baada ya ibada Mwenyekiti, mfamasia mstaafu, mtu mpole ambaye hata chai huikoroga kwa kuhesabu, alimvuta Vidole pembeni.

"Mwanangu, nakuheshimu, na mkwe wako nilimheshimu. Lakini wimbo wa Guru hauwezi kuyumba hivi. Mwakani nitaleta spika. Ngoma ikiharibika tena nitaiwasha, na kuanzia siku hiyo tutafuata muziki uliorekodiwa."

"Na ngoma?"

"Tutaiweka kabatini, kwa heshima."

Vidole alirudi nyumbani hakula. Ngoma iliyowekwa kabatini, alijua, ngozi yake hufa. Na humo ndani, kwa namna asiyoweza kumweleza mtu, alikuwa bado anaisikia mikono ya mzee.

Basi mwaka huu alijipanga. Aliamua kuukanda unga laini zaidi ya kawaida, feni lisiuweze, na kuukandia kiwandani, kwa unga uliochekechwa vizuri. Siku yenyewe alikuwa na zamu ya alfajiri. Akaukanda, akaufunga kwa kitambaa kibichi, akauweka kwenye rafu. Kando yake palikuwa na donge jingine ambalo alikuwa amelitenga kuipima hamira mpya kama ina nguvu. Nalo lilikuwa laini. Nalo lilikuwa kwenye kitambaa kibichi.

Zamu ilipoisha alichukua moja, akakimbia nyumbani kuoga.

Kuna sharti jingine. Mpiga ngoma akishaoga siku ya Guru hasemi neno mpaka wimbo uishe, ili sauti ya kwanza kutoka kwake iwe ya ngoma. Kwa hiyo Vidole alipanda ngazi za ukumbi amefunga mdomo, akawainamia wakubwa, akakaa, akabandika unga. Akagonga mara moja. Duuum. Sauti nene, tulivu, kama mtu mzima aliyeridhika. Mwenyekiti, amesimama karibu na spika kubwa nyeusi, akaitikia kwa kichwa kwa furaha.

Wifi alikuwa amepiga magoti hapo karibu, anakaza njuga. Akanusa.

"Mh! Wifi, leo ni ngoma inayonukia mkate au ni wewe?"

Vidole akamkazia macho, maana kujibu hawezi.

"Basi ni wewe. Hata kuoga hakusaidii."

Mtu aliyekaa na hamira miaka kumi na tisa haisikii tena harufu yake. Kama angeisikia, kisa hiki kisingekuwapo.

Saa tatu wimbo ukaanza. Kinanda cha upepo kikatangulia, waimbaji wakafuata, kisha ngoma, kisha njuga. Ukumbi ulikuwa na joto. Madirisha yalifungwa ili upepo usizime taa za mafuta mbele ya picha. Wanawake kumi na wawili wakazunguka, wifi akiwa wa kwanza wao, mgongo wima, mkono mmoja juu kama aliyebeba chombo kilichojaa. Vidole alipiga na uso wake ukakunjuka. Nusu saa. Dakika arobaini. Hakuna kilichoyumba.

Kabla hajasikia, alihisi. Chini ya kiganja cha kushoto kitu laini kilikuwa kinamsukuma, kidogokidogo, kumrudisha. Alikijua kitu hicho. Alikuwa amekigusa kila alfajiri ya maisha yake ya kazi. Unga ulikuwa unaumuka.

Pigo lililofuata halikutoa duum. Likatoa pwa.

Akajaribu ukingo wa ngozi. Pwa. Unga ulikuwa umeanza kujiachia kwenye ngozi na kutetemeka, na kuubandua hawezi, maana ungebaki usufuria ule wa mwaka jana. Kusema hawezi. Kusimama hawezi. Akaona kwa pembe ya jicho Mwenyekiti akigeuka, mkono wake ukienda kwenye swichi ya spika. Vidole akauondoa mkono wa kushoto kabisa, akabaki na wa kulia peke yake, sauti ile kali inayoita bila wa kuitika. Akainua macho, akamtazama wifi.

Wifi hakuwa amejua lolote kuhusu hamira. Lakini utoto wake wote alilalia mkeka uliotandikwa kando ya ngoma ile. Pigo zito linapotakiwa kuwapo, mwili wake ulilijua kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani. Lilipokosekana, alilipiga mwenyewe. Akashusha kisigino kwenye mbao za sakafu, kwa uzito wake wote, na sakafu ile iliyo tupu chini yake ikaitika: duum.

Akarudia. Njuga zikanyamaza kwenye kisigino na kulia kwenye vidole vya mguu. Wachezaji wa nyuma yake wakaona, wakaingia mmoja mmoja, mpaka visigino ishirini na vinne vikawa kifua cha ngoma. Vioo vya duka la chini vilisikika vikilia. Mkono wa kulia wa Vidole uliita, miguu ikajibu, na pale palipotaka mapumziko alinyamaza kidogo, na miguu ikanyamaza naye. Pale palipotaka haraka wifi aliharakisha, na vidole vikamfuata. Watu hawa wawili walikuwa wamegawana urithi miaka sita. Siku ile waliuweka pamoja mbele ya kila mtu, na hakuna aliyeweza kuona palipounganishwa.

Mkono wa Mwenyekiti ulikaa kwenye swichi muda mrefu. Kisha ukashuka, ukaanza kupiga mapigo kwenye paja lake.

Wimbo ukarudi kwenye mstari wa kwanza, ukatulia. Wifi akaanguka kitako kando ya ngoma, anahema, visigino vyekundu. Akatazama ngozi ya kushoto. Unga ulikuwa umevimba kama shavu la mtoto mwenye jino bovu.

"Wifi!" akapaza sauti. "Ngoma imepata mimba!"

Ukumbi mzima ukacheka, mpaka wazee. Mwenyekiti akaja, akainama, akanusa, akavua miwani.

"Hamira?"

Sharti lilikuwa limeisha. Vidole alikuwa huru kusema.

"Nimechukua donge lisilo lake, Mwenyekiti. Kosa ni langu. Kama ni kabati, nitaipeleka mwenyewe."

Mzee akaugusa unga kwa kidole, ukazama, ukainuka. Akaitazama spika, akamtazama wifi aliyekuwa anasugua miguu.

"Hilo dude nililolileta," akasema, "lingeendelea tu na safari zake. Lisingejua hata kama kuna mtu anacheza." Akavaa miwani. "Mwakani unga utapimwa na mimi. Ngano na maji. Nitausimamia kama dawa ya mtoto mchanga."

Wifi akanyoosha mguu, akauweka mapajani mwa Vidole, pale ngoma ilipokuwa.

"Haya, mkandaji," akasema. "Kanda na hiki kisigino. Baba alikufundisha mengi, lakini miguu ni yangu."

Vidole akakanda, kiganja kikisukuma, vidole vikikusanya. Nje, kwenye ukuta ulikokuwa umeshawekwa, unga uliendelea kuumuka juani, na ndege walikuwa wameshafika.