Kikombe Changu Kando ya cha Mwalimu

Admin, ficha jina langu na mtaa ninaoishi sasa. Mimi ni mama wa miaka sitini na nne, mjane, watoto wote wana kwao. Kanisani mimi ndiye mshauri wa akina mama, na huwaambia wasiweke mambo moyoni. Langu nimeliweka zaidi ya miaka arobaini.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nikihudumu katika hoteli ya shangazi yangu kule Makadara. Hoteli nyingine ziliuza chai. Shangazi alitoka kwa wakulima wa kahawa huko Kirinyaga, akawa anakaanga buni mwenyewe uani, harufu inafika hadi steji ya matatu. Watu walikuja kabla ya kazi na baada ya kazi, kahawa kwa mandazi na skonzi za moto, meza nne tu.

Pale palikuwa na desturi. Ukiwa mteja wa kila siku, shangazi alikuwekea kikombe chako cha bati, akakitia alama kwa rangi ya kucha, akakitundika ukutani kwenye msumari wako. Hakuna aliyenywea kikombe cha mwenzake. Watu wazima waliringia msumari! Mimi nilivijua vyote, cha nani ni kipi, na nilijivunia hilo sana.

Basi akaja mwanaume mmoja mpole, shati limepigwa pasi, akizoea meza ya pembeni. Alinywa kwa glasi ya wageni. Shangazi alimuuliza mara mbili, "Baba, nikuwekee msumari?" Akacheka, "Wacha tu mama, mimi ni mpita njia." Alipita njia hiyo miezi mitatu. Shangazi akaninong'oneza jikoni, "Mtu anakunywa kwangu kila siku na hataki msumari? Huyo hajafuata kahawa." Nikamwona mshamba. Yule bwana alikuwa akiniita mrembo, na mimi nilishaanza kuota harusi.

Mchana mmoja, hoteli ikiwa tupu, akanyoosha kidole ukutani. "Najua wewe ni mwerevu, lakini huwezi kujua vyote hivi ni vya nani." Mjinga mimi, nikaweka trei chini, nikaanza kumwonyesha. Hiki cha nukta nyekundu ni cha Mwalimu, husoma gazeti kwa sauti, kisha husema kuhusu serikali yale ambayo gazeti limeogopa kusema. Hiki cha msalaba ni cha dereva, ndiye humchochea. Hiki cha mistari miwili ni cha karani, anakaa nyuma ya soko. Msumari wa nne, wa mwenzao wa meza moja, ulikuwa mtupu. Kikombe cha mzee mmoja Mkamba, mchongaji wa vinyago, kilikuwa kimetoboka na shangazi alikipeleka kwa fundi kuzibwa. Hakuuliza, nami sikusema.

Wiki hiyohiyo vikombe vitatu vilishinda ukutani. Asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulisikia kwamba wanaume wasiojulikana waliwachukua wenye vikombe hivyo wakienda kazini. Dereva na karani walirudi baada ya miezi, wamekonda, wala hawakukanyaga tena hotelini. Mwalimu hajarudi hadi leo. Na yule mpole hakuonekana tena.

Watu wakaanza kuulizana mbona mchongaji ameachwa. Si walikaa meza moja, wakasema maneno yaleyale? Akiingia, wote wananyamaza. Siku moja aliketi, meza nzima ikamhama. Akaja na kikombe chake kilichozibwa, akaniuliza, "Mwanangu, kwani nimekosea nini?" Nikamjazia kahawa, nikaangalia kando. Alirudi kwao Machakos, akafa na jina la msaliti. Shangazi naye siku moja alinitazama, akasema, "Kuna mtu alimsomea yule mgeni ukuta wangu." Niliendelea kukanda unga.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu limefunguliwa duka la kahawa karibu na kwangu, mahali pa kupendeza, keki za kila aina. Nilienda na wenzangu wa kanisani. Mwenye duka alinitazama, akapiga kelele, "Auntie! Si ni wewe ulikuwa unanifungia skonzi kwa gazeti nikija na Daddy Jumamosi?" Ni binti ya Mwalimu. Alinikumbatia akilia. Nyuma yake, ukutani, nikaona misumari na vikombe vya bati. Cha kwanza kina nukta nyekundu. Kabla hajafa, shangazi alikipeleka kwa mama ya binti huyo. Nilivuta kiti nikaketi, wenzangu wakadhani ni furaha.

Wiki iliyopita alinitundikia kikombe changu, bado hakina alama, kando ya cha baba yake. Akaniambia, "Jumamosi ya wiki ijayo namfanyia Daddy ukumbusho. Ni wewe tu umebaki wa ile hoteli, Auntie. Utasimama uwaambie alikuwa mtu wa aina gani. Halafu mimi nitamtaja huyo mchongaji aliyemuuza. Nimempata mtoto wake, anakaa Kayole. Nimemwalika, na amekubali kuja. Hajui anaitiwa nini."

Nikaweka kikombe chini. Nikinyamaza, nitamzika yule mzee mara ya pili, mbele ya mwanawe. Nikisema, nitampokonya huyu binti mtu wa mwisho anayemkumbuka baba yake. Rafiki niliyemdokezea kidogo anasema yaliyopita si ndwele. Ni rahisi kwake. Naogopa, jamani, hata usingizi sina. Huwa najitetea kwamba nilikuwa mjinga, sikuwa mbaya. Lakini mchongaji aliponiuliza amekosea nini, ujinga ulikuwa umeshaniisha. Nilijua, na nikanyamaza.

Leo ni Alhamisi, ukumbusho ni keshokutwa. Binti amenitumia ujumbe akiuliza kikombe changu akitie alama gani. Bado sijamjibu. Ninyi mnaosoma hapa, mngekuwa mimi, mngemjibu nini?