Dadu Inasomwa Ilipolala

Kaka'angu anaitwa Mate. Ndiyo, mate hayo hayo unayoyafikiria, ya mdomoni. Siku ya kwanza kucheza na sisi alishika dadu, akaitemea "tfu!" ili ilete bahati, na tone moja nene likaruka likatua kwenye ramani, juu ya kijiji kizima tulichokichora wiki nzima kwa penseli za rangi. Kinyozi, ambaye ndo msimulizi wetu, alilitazama likitambaa, akakunja uso, akasema kwa ile sauti yake ya hadithi: "Mafuriko yamekikumba kijiji. Hakuna aliyepona."

Basi, jina likaganda. Siku hizi hata mama akitaka kumtuma anaanza, "Mate, mwanangu..." Na mama wa mchumba wake, mtu mzima na heshima zake, alimpokea mlangoni kwa "Karibu, baba, karibu Mate," akidhani ni jina la ukoo. Jamaa akaitikia. Angefanyaje?

Kwa ambaye hajui mchezo wenyewe: tunakaa mezani, Kinyozi anasimulia mapango na majoka, na kila mmoja wetu ana mhusika wake. Mhusika ana uhai, yaani namba. Akipigwa unapunguza, ikifika sifuri unamzika. Akipanda ngazi, yaani akiongezeka nguvu kimchezo, unarusha dadu ya pande kumi, unajumlisha na namba ya ukakamavu wake, jumla unaiongeza kwenye uhai. Ukipata kumi unacheza mziki. Ukipata moja, pole, utaishi nayo maisha yako yote.

Mhusika wa Mate anaitwa Chuma, mpiganaji, ngao kubwa kama mlango wa bafuni. Ila dadu zilimkataa. Alipata moja, akapata mbili, akapata moja tena. Mpiganaji mzima ana uhai wa kuku wa kisasa! Mchawi wangu, ambaye anakohoa akipanda ngazi za nyumba, alikuwa anamzidi.

Na bado Mate alikuwa anasema, kila pango, kila mara: "Nyie kaeni nyuma yangu."

Nikueleze kwa nini. Kaka'angu ni fundi mabomba, na hasa anaitwa pale choo kinapogoma. Anaingilia mlango wa nyuma. Wenye nyumba wanamsalimia wameziba pua, halafu uchafu ni wao! Siku moja nilimsaidia kubeba vifaa, mama mwenye nyumba akampa maji kwenye kikombe, na hatujafika getini nikasikia kikombe kinatupwa pipani. Paa. Mate akakohoa kidogo tu, akaanza kuongea habari za Chuma.

Sasa Jumapili moja mchana, saluni ya Kinyozi imefungwa, tulikuwa tunajiandaa kuingia kwa chura mkubwa wa kinamasi, mwisho wa safari yote. Kabla ya hapo kila mtu anapanda ngazi ya mwisho. Na Keshia, dada anayekaa kaunta ya duka la dawa, ambaye mezani kwetu ni mganga wa kikosi, akasema wazi.

"Mate, nakupenda, lakini Chuma akipata chini ya tano abaki getini alinde mizigo. Mi sina dawa za kumfufua kila dakika."

"Na akipata tano?"

"Anatangulia mbele kama kawaida yake."

"Haya. Lete dadu."

"Bila kutema!" Keshia alishatoa chupa ya dawa ya mikono. Akaimwagia ile dadu mpaka ikanuka hospitali.

"Dada, umeiua bahati yote."

"Bahati gani yenye kamasi ndani? Rusha!"

Akarusha. Dadu ikagonga meza, ikagonga goti la Kinyozi, ikabingirika sakafuni taratibu kama mtu anayejua anakokwenda, ikaingia kwenye shimo la maji machafu chini ya sinki la kuoshea nywele. Wavu wa kulifunika Mate mwenyewe aliutoa wiki iliyopita, akasema "narudi kesho". Mafundi, mnajijua.

Tukainama na tochi ya simu. Jamani. Lile shimo lilikuwa na nywele za mtaa mzima, zimeshikana na povu la kijivu, zinang'aa, zina bigijii iliyotafunwa na plasta ya kidonda cha mtu. Harufu ilikuwa ya yai na manukato kwa pamoja. Katikati, dadu yetu imelala kama mfalme kitandani, uso wake wa juu umefunikwa na ute wa kijani unaopumua. Sitanii, ulikuwa unapumua.

Kinyozi alikimbilia mlangoni akatapika nje. Na saluni ni yake!

Sheria ya meza yetu ni hii: dadu ikianguka inasomwa ilipolala, na aliyeirusha haigusi. Tuliiweka baada ya mimi kushikwa nikigeuza dadu kwa kidole cha mguu.

"Tuandike kumi," Kinyozi akasema kutoka nje, anafuta mdomo. "Kumi, Mate, hongera, tuendelee."

"Kumi, kumi!" na mimi nikadakia. Ningempa hata mia.

Mate akakunja mikono. "Sitaki."

"We, unapewa kumi!"

"Napewa kwa sababu mmeona kinyaa. Sitaki uhai wa kinyaa. Isomwe."

Hakucheka. Niliangalia viatu vyake vya kazi, nikakumbuka kile kikombe. Lakini mkono wangu, wallahi, ulikataa kwenda.

Aliyepiga magoti ni Keshia. Yule yule anayefuta kitasa kabla ya kukishika! Alichukua pamba, akaifunga kwenye kibanio cha nywele, akageuza uso pembeni, akaingiza mkono. Kikasikika "chwaaa". Uzi wa ute ukamfuata mpaka kwenye saa yake. Alikuwa anatoa machozi na matusi kwa zamu.

"Usiisogeze," Mate akamwambia polepole. "Futa kwa juu tu. Hivyo hivyo. Pumua kwa mdomo."

"Nikipumua kwa mdomo naionja, mjinga we!"

Akafuta. Tukasogeza tochi.

Mbili.

Mate alichukua penseli, akajumlisha mbili na ukakamavu wa Chuma, akaandika. Akavuta kiti chake nyuma kidogo. "Basi nitalinda mizigo," akasema.

"Utalinda nini?" Keshia akainuka, mkono ameunyoosha mbali na mwili kama si wake. "Mi nimeingiza mkono kwenye jehanamu kuifuata hiyo mbili! Hiyo mbili ni yangu! Chuma anatangulia mbele, na dawa zangu zote ni zake. Anayebisha aje anipe mkono."

Alitunyooshea. Ulikuwa unadondosha.

Hakuna aliyebisha. Chuma alitangulia, akamezwa na chura kwenye pigo la pili, akafufuliwa, akamezwa tena. Mate alikuwa anapiga meza kwa furaha, na kwa kusahau akaitemea dadu, na sote tukapiga kelele.

Haya, na nyie wenye meza zenu: dadu ilishaangukia wapi, na nani aliingiza mkono? Nisimulieni hapo chini. Picha msiweke, naomba sana, kuna watu wanakula.