Miaka Miwili ya Karatasi

Harufu ya mti wa mkandaa uliochongwa hivi punde, yenye uchungu na chumvi, ndiyo inayonirudisha Kibiti. Mafundi wa mashua kule delta ya Rufiji walichagua miti iliyopinda yenyewe kwa ajili ya mbavu za vyombo, na Mwalimu Ester, mgeni kutoka Singida aliyewahi kucheza mpira wa magongo chuoni, akawaomba vipande vilivyobaki. Sisi wanafunzi wake tulivikwangua kwa vigae vya chupa mpaka vikawa laini. Yalikuwa magongo mazito, yakatutoa malengelenge na kutuachia wekundu viganjani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa na mitumba imejaa sokoni, nasi tulicheza na raba zisizofanana, kushoto na kulia.

Nilikuwa na mikono mirefu kuliko wenzangu wote. Nikiwa na miaka kumi na mitano niliteuliwa, peke yangu kutoka kwetu, kwenda Harare na timu ya taifa ya wasichana kwenye mashindano ya kimataifa. Mwisho wa umri ulikuwa miaka kumi na sita.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyoniponza. Nilipopelekwa kuandikishwa shule pale kijijini Mahege, hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa. Akigusa sikio la upande wa pili, basi ametimiza miaka saba. Mimi nilikuwa na mitano, nikagusa. Mwalimu akaandika saba. Baba akanyamaza, akafurahi kwamba nimepata shule mapema.

Kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa wa miaka kumi na saba, na jina langu likakatwa. Baba akavaa kanzu yake ya Ijumaa, tukaenda kwa ofisa michezo wa wilaya.

“Bwana mkubwa, siku ile nilinyamaza tu. Huyu kazaliwa mwaka wa mafuriko.”

“Mafuriko yapi, mzee? Ninyi Warufiji si kila mwaka mnafurika?” Makarani wakacheka. “Sasa nikuamini ulipodanganya, au unaposema ulidanganya?”

Baba akanishika mkono, tukatoka. Nafasi yangu akapewa binti wa mjini ambaye, Mwalimu Ester aliniambia kwa hasira, alikuwa tayari ana mtoto wa kunyonya. Cheti chake kilikuwa kipya kabisa.

Njiani nilimwambia baba, “Bora ungeniacha nifukuze ndege mpungani kuliko kunisomesha kwa uongo.” Hakunikemea. Aliongeza mwendo tu, akatangulia.

Siku hizi nikipita hospitali ya Mchukwi naona kina mama wametoka kujifungua, wanazungumzia vyeti vya watoto wao kama jambo la kawaida. Watu husema tumeendelea. Ni kweli, na bado inanichoma. Nimehamahama, Lindi, Tunduru, Mbeya, sijakaa mahali nikapazoea. Baba alifariki nikiwa mbali, na kwa lile neno la njiani sikuwahi kumwomba radhi. Wenye uongo mkubwa walipanda ndege. Yeye, aliyenyamaza mara moja tu ili binti yake asome, nilimwadhibu mimi mwenyewe mpaka mwisho.