Shubaka la Kumi na Saba

Saa tatu asubuhi maji yanakupwa, na njia ya mchanga iendayo kijisiwani inaanza kujitokeza taratibu, mfano wa mgongo wa mnyama anayeamka. Mwanamke wa miaka hamsini na minane anafungua mlango wa mgahawa wake, anasema Bismillahi, na kabla hajawasha jiko anakwenda ukutani na kutia mkono katika shubaka la kumi na saba.

"Leo vikavu," anasema, na uso wake unalegea.

Alichokigusa ni jozi ya viatu vya mtoto, raba za buluu, namba ishirini na nane. Vimekaa hapo miaka kumi na mmoja.

Wageni humwita Mama Vibao. Mgahawa wake una meza tisa, bembea mbili uani, na kengele ya shaba juu ya nguzo, ya kuwaita wenye mashua mtu akikwama. Upo mwisho wa barabara ya vumbi, mahali ambapo familia zilizo katika mapumziko huacha magari, hunywa chai, kisha huvuka kwa miguu hadi kijisiwani, watoto wakaokote makombe na wazazi wapunge upepo. Daraja hakuna. Maji yakikupwa hutoa muda wa saa nne za kwenda na kurudi. Yakijaa, njia haipo.

Havuki mtu na viatu, kwa kuwa mchanga ule laini huvivuta ukavimeza. Ndiyo sababu marehemu mumewe alijenga ukutani mashubaka arobaini. Kila mvukaji hupewa kibao chenye namba, na viatu vyake huwekwa katika shubaka la namba hiyo. Akirudi hutoa kibao, akachukua viatu. Mashubaka yakiwa matupu, watu wote wamerudi.

"Sihesabu watu mimi," anamweleza mwandishi wa habari hii huku akikata mkate. "Watu hawatulii. Nahesabu viatu."

"Na siku akija mgeni peku?" anauliza mkaza mwana wake, ambaye ndiye mpishi.

"Mgeni gani wa gari atakuja peku, mwanangu? Wewe geuza chipsi zako zisiungue kama za jana."

"Za jana uliziunguza wewe, mama. Ulikuwa unapapasa viatu."

Wanacheka wote wawili, lakini kicheko cha mkwe kinakatika mapema.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, magari yote yalipokwisha kuondoka, raba zile zilibaki. Kengele ikagongwa. Wenye mashua walitafuta siku mbili. Polisi walipita nyumba zote za wageni. Hakupatikana mzazi aliyepotelewa na mtoto, na kibao namba kumi na saba hakikurudi.

"Hakuna aliyelia," anasema Mama Vibao. "Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mtoto asiye na wa kumlilia ni mtoto wa nani?"

Mumewe ndiye aliyekitoa kibao kile asubuhi hiyo. Hadi anafariki, miaka mitatu baadaye, hakuweza kuikumbuka sura ya mtoto. Alikumbuka mkono tu: mdogo, na wa baridi.

Tangu hapo, zipo asubuhi viatu hukutwa vimelowa, na mchanga umeganda kwenye soli. Mchanga wa ufuo huu ni mweupe. Ule wa kijisiwani ni mweusi. Ulioganda kwenye soli huwa mweusi.

Yeye huvifuta, huvianika karibu na jiko, akavirudisha. "Sisemi ni nini. Nasema nilichokiona, na ya ghaibu anayajua Mwenyewe."

Mwanzoni mwa msimu huu aliviona vimelowa mchana kweupe, akagonga kengele. Mashua zikaenda, zikarudi bila mtu. Wageni waliacha sahani nusu wakaondoka, na habari ikaenea kwamba mahali pale pana jambo. Kwa wiki tatu meza zilikaa tupu, naye akauza friza ili alipe pango.

Mwenye nyumba, mtu mpole asiyependa makuu, alimketisha akamwambia: "Mama, nakuheshimu kama dada yangu. Lakini ukiigonga tena kengele hiyo kwa ajili ya viatu, tutaachana. Na msimu ukiisha, nitakuja kuvichukua mwenyewe."

Msimu unaisha leo.

Saa nane mchana mwenye nyumba anawasili na mfuko wa plastiki. Maji yameanza kuilamba njia. Familia ya mwisho, kubwa, imetapakaa uani: mama amerudi mapema na mabinti wawili, babu na mjomba wamerudi nyuma yao. Vibao vyote vimekabidhiwa. Mashubaka thelathini na tisa ni matupu.

"Shemeji," Mama Vibao anamwambia mwenye nyumba, kwa vile alikuwa rafiki wa mumewe, "vimekudhuru nini?"

"Mimi havijanidhuru. Vinamdhuru mpangaji wangu."

Anatia mkono katika shubaka la kumi na saba, kisha anautoa upesi.

"Mbona vimelowa?"

Havikulowa tu. Maji yanadondoka kutoka shubakani, tone kwa tone, yanatua sakafuni. Kiganja cha mwenye nyumba kimejaa mchanga mweusi.

Mkaza mwana anasimama mlangoni na kijiko mkononi. "Mama, wote wamerudi. Vibao vyote ninavyo hapa. Mama, usiiguse kengele."

Mama Vibao anautazama mgahawa: meza tisa, jiko, mlango aliouchonga mumewe. Kisha anatoka uani na kuigonga kengele mara saba.

Watu wanageuka. Babu anauliza kuna nini. Mama wa watoto anasimama, anatazama bembea, anatazama gari, kisha anamgeukia babu.

"Baba, mtoto yuko wapi?"

"Si uko naye wewe?"

"Mimi? Si ulimbeba wewe?"

Mvulana wa miaka minne alivuka akiwa juu ya mabega ya babu yake. Viatu vyake vilibaki garini. Hakupewa kibao, hakuwekewa kitu shubakani, na katika hesabu ya viatu hakuwahi kuvuka.

Mashua inamkuta ameketi juu ya jiwe upande wa huku wa kijisiwa, maji yakimfikia magotini. Halii. Anapofikishwa uani akiwa amefunikwa taulo, mama yake analia kwa niaba ya wote.

"Kaka aliniambia nikae hapo hapo," anasema mtoto. "Alisema nisishuke."

"Kaka gani?"

"Yule asiye na viatu."

"Wote tulikuwa hatuna viatu, mjinga wewe," dada yake anamwambia, na wakubwa wanacheka kicheko cha waliotoka katika hofu.

Mama Vibao hacheki. Anachuchumaa mbele ya mtoto na kumuuliza swali moja tu. "Huyo kaka, mkubwa kiasi gani?"

Mtoto anatazama huku na huku, kisha ananyoosha kidole juu, kwenye bega la mjomba wake.

Mwenye nyumba amesikia. Anarudi ndani, anatoa leso yake ya mfukoni, anavifuta viatu kimoja kimoja, anavirudisha katika shubaka la kumi na saba. Mfuko wa plastiki anaukunja mara nne na kuutia mfukoni.

"Msimu ujao utafungua lini, shemeji?" anauliza.

"Mungu akipenda, wiki ya kwanza kama kawaida."

Mipango yake ya msimu ujao ni mitatu. Kununua friza, ya mtumba ikibidi. Kufunga kibao mkononi mwa kila mtoto, awe anatembea au amebebwa. "Hilo ni kosa letu la miaka yote," anasema. "Tulihesabu viatu tukawasahau wanaobebwa."

Wa tatu anautaja akiwa amekwisha kuzima jiko, amempa mwandishi mgongo, akipangusa tope lililobaki sakafuni.

"Nitanunua jozi nyingine, namba arobaini na moja, niiweke pembeni ya zile. Ameshakua. Akija kuchukua viatu vyake, zile hazitamtosha."