Selile moja, Kambale babili

Leo nimeunda selile ya ubongo yenye vichwa mbili! 😂

Hapa labo ya Butembo tunakata ubongo wa panya vipande-vipande, tunapiga picha. Mimi kwa ordinateur, kompyuta ya labo, naunganisha matawi ya selile, picha kwa picha.

Tangu asubui matawi yanakutana vizuri, mimi naimba tu.

Chef wetu wa labo, Masika, akachungulia: "Ee Kambale, hii kichwa ingine ni ya nani?"

Kumbe nimeunganisha na panya ya mwenzangu!

Kwa kabila yetu kijana wa pili anaitwa Kambale, na sisi wote wawili ni vijana ba pili kwa mama zetu, donc fichier zote za picha zinaitwa Kambale.

Tukaandika upya: Kambale wa Beni, Kambale wa Butembo.

Mara stagiaire mupya, mwanafunzi wa kujifunza kazi, akaingia, amekimbia vita ya Luofu.

"Jina?"

"Kambale."

Tukacheka mpaka na yeye akacheka.

Ba Kambale wengine, mujionyeshe hapa chini!