Meno Mawili ya Nyanya

Nyanya yangu alikuwa amebaki na meno mawili tu, lakini Mungu alikuwa na akili: aliyaacha yanayokutana, moja juu, moja chini. Kwa hayo mawili alimaliza hindi zima la kuchoma kabla sisi wenye midomo iliyojaa hatujafika nusu, kisha akatucheka.

Kwetu kijijini Ngungu maharagwe hupigwa kwa fimbo pale pale uani, kwa hiyo huingia guniani pamoja na vijiwe. Kabla ya kuyatia chunguni lazima mtu ayachambue kwenye ungo. Kazi hiyo ilikuwa ya nyanya mpaka macho yake yalipopungua nguvu, akaniachia mimi.

Jumamosi moja nilikaa na ungo mlangoni mwa jiko, maana mtandao wetu huishia hapo. Ukiingia ndani hatua moja, simu inabaki tochi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye maharagwe, mwingine kwenye simu. Nilikuwa nikitazama video ya mama mmoja wa nchi ya mbali akifundisha, msinicheke, namna ya kupika maharagwe.

"Ulishatosha mawe?" nyanya aliuliza kutoka mkekani, akitaka kujua kama nimeyatoa yote.

"Nilishatosha, Koko," nikamjibu bila kuinua macho. Yule mama wa video alikuwa anakata vitunguu.

Wakati wa kula tukasikia *ka!* Nyanya akatema kiganjani: haragwe, kijiwe, na jino la juu. Akavitazama kimoja kimoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakunigombeza. "Iyo simu yako inajuaka vitu vyote," alisema. "Unitafutie jino mule ndani."

Nyumba nzima ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote, akionyesha lile moja lililobaki. Nilicheka pia, huku naona aibu mpaka masikioni.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Siku hizi nachambua mara mbili, simu nimeiacha ndani.

Mahindi mapya yalipokomaa, tukawasha moto. Nyanya akachagua lake kama zamani, lililoungua kidogo upande mmoja. Akalinusa, akajaribu kuling'ata. Likateleza. Akajaribu tena, kisha akaniwekea mkononi, bado lina moto.

"Kula weye," akasema. "Weye njo uko na meno."

Nikala lote, naye akinitazama.